Kahawa ya Thabit

Thabit aligonga vikombe vyake kwa mara ya nne, na soko zima la Matrah, Omani, likampa mgongo.

Kahawa haikuwa na ila. Buni aliikaanga mwenyewe alfajiri, akaitwanga, akaitia tangawizi. Darajani, Unguja, mlio ule ulitosha kuwatoa watu majumbani. Huku, mwezi wa pili tangu ateremke melini mwaka ule wa 1964, kila aliyesimama alionjeshwa kashata ya bure, akasikia bei ya kahawa, akatabasamu kwa haya, akaenda zake. Akishindwa wiki hii, Jumamosi anaanza kubeba magunia bandarini, na umri wake miaka hamsini na tisa.

Hata hivyo soko lile alilipenda, kulikataa hawezi. Alipita vichochoro vilivyoezekwa makuti, akatazama halua ikisongwa kwenye sufuria la shaba na mafundi wakinakshi fedha ya majambia. Ubani na ndimu kavu vilimsahaulisha hata kunadi. Watu hawa wanajua kazi, alijisemea.

Bi Bakhita, muuza viungo aliyehamia kutoka Unguja miaka ishirini nyuma, akamwita.

"Kaka Thabit, nnakutazama siku nyingi. Hivyo wewe unamuuzia mtu kahawa?"

"Nimfanyeje, Bi Bakhita? Ndo kazi yangu."

"Huku kahawa mtu hukaribishwa. Ukimtajia bei, umemwita mgeni kisha ukamdai. Wanakuonea haya."

Uso ulimwaka Thabit. Miezi miwili amewavunjia watu heshima, tena kwa adabu zote!

"Sasa mie nitakula nini?"

"Hizo kashata za mkeo unazowagaia bure, mbona huziuzi?"

Thabit alicheka mpaka dele lake la kahawa likamtikisika mkononi. Akasimama mbele ya duka la nguo la Harub, akamimina, bei hakutaja. Mchukuzi mmoja akanywa, akauliza bei ya kashata. Wakafuata wawili, kisha kundi. Adhuhuri haijaadhiniwa, sinia la kashata limebaki chenga.

Hapo Harub, ambaye hajapata kumtupia hata jicho, akasogea kumpa nafasi kwenye mkeka wa dukani kwake.

"Keti, ami," alisema kwa Kiarabu, akalichukua dele, akammiminia.

Thabit akaketi. Miaka thelathini amewamiminia wengine, daima yeye wima. Alikipokea kikombe, asijue anywe kwanza au ashukuru, na Harub bado amelishika dele, anamngoja amalize amwongeze.