Bibi Harusi Hapitishwi Bustanini

"Apitishwe kwenye michungwa, gizani, kama mbuzi wa wizi? Mwanangu mimi?" Mama Muthanna aliweka mikono kiunoni. "Thubutu!"

Wazee wa upande wa bwana harusi, waliotoa wazo hilo, wakatazama vikombe vyao vya chai. Nyumba ya kijana wao ilikuwa upande wa pili wa mji wetu wa Baquba, Iraki, na katikati ya barabara palikuwa na kizuizi cha askari wa kigeni. Kila mtu mle ndani alijua nani alifia pale.

Mwaka jana tu, Muthanna, mtoto wa kiume wa pekee wa mama huyu, aliendesha gari la mbele kwenye harusi ya rafiki yake. Na harusi zetu mnazijua: magari yanafukuzana, honi mpaka masikio yanaziba, wajomba wanapiga risasi hewani kwa furaha. Kizuizi kiliwekwa asubuhi ileile. Askari wakafyatua risasi za kuonya. Maskini Muthanna akadhani ni watu wa harusi wanampokea! Akacheka, akabonyeza honi, akaongeza mwendo. Risasi zilizofuata hazikwenda hewani. Na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kusema pole.

Kwetu, kijana akifa hajaoa, mama yake humpigia vigelegele kaburini kama bwana harusi. Mama Muthanna alijaribu. Koo likagoma, akabaki kinywa wazi, na tangu siku hiyo hakuwahi kupiga kigelegele tena.

"Dada," Mjomba Khazal alikohoa kidogo, "uchungu wako tunaujua. Lakini tukifiwa tena?"

"Hatufiwi. Tunakwenda kwa miguu, adhuhuri, jua la utosi. Hakuna gari, hakuna honi. Na wewe, lete hiyo bastola."

"Bastola gani?"

"Khazal! Hiyo inayokutuna kiunoni."

Mtu mzima na ndevu zake akaitoa shingo upande. Mama Muthanna akaifukia kwenye pipa la mchele, kisha akawapekua wajomba wote, na hakuna aliyefurukuta.

Shatha, bibi harusi, akamshika mkono. "Mama, naogopa."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Shika gauni, twende."

Wakatoka. Mbele wanawake na sinia la mishumaa na kioo, nyuma ngoma, katikati Shatha, gauni jeupe likifagia vumbi. Walipokaribia kizuizi, askari mmoja akapayuka kwa lugha yake, mitutu ikanyanyuka. Ngoma ikanyamaza ghafla. Ni palepale gari la Muthanna lilipoishia. Mama yake aliijua lami ile, maana aliiosha kwa mikono yake.

Akawaambia wenzake wasimame. Akalifungua baibui lake, waone hakuna kitu ndani ila nguo ya harusi, akaenda peke yake polepole, viganja wazi.

"Mkalimani!" aliita. Kijana aliyejifunika uso asijulikane akasogea. "Waambie, na usinipunguzie hata neno. Waliniulia mwanangu hapa. Leo dada yake anaolewa. Atapita na ngoma yake, na wao watashusha mitutu mpaka apite. Wakikataa, nakaa chini hapahapa, masufuria yaletwe, harusi tunaifanyia miguuni kwao."

Kijana akatafsiri neno kwa neno. Mkubwa wa askari akamtazama yule mama, akamtazama bibi harusi, akaitazama lami. Akasema neno moja. Mtutu wa kwanza ukashuka, na wa pili. Askari wa juu ya gari la deraya akasitasita, halafu naye akashusha wake.

Mama Muthanna akawageukia watu wake. "Mnangoja nini nyie? Pigeni!"

Ngoma ikalipuka. Wakapita katikati ya askari, Shatha kichwa juu, Mjomba Khazal akitikisa mabega kana kwamba hajawahi kuumwa mgongo maisha yake yote. Walikuwa wameshinda, na walijua wameshinda.

Mama Muthanna alibaki nyuma kidogo, pale kwenye lami yake. Akafumba macho, akavuta pumzi, na koo likafunguka. Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Shatha. Cha pili kilikuwa kirefu zaidi, alikipiga huku machozi yanamtiririka, na wanawake wote wakageuka wakampokea, maana walijua hicho ni cha Muthanna.