Mama Mkwe Hakuambiwa Habari ya Kandambili

Nyumbani kwa Fundi Kufuli mlango wa choo haukufungwa. Uliegeshwa kwa kandambili moja ya bluu, na aliyekuwa ndani alitakiwa aimbe wimbo wowote, kwa sauti ya kutosha, ili anayekuja ajue pana mtu. Mke wake aliimba za kwaya. Fundi mwenyewe aliimba chochote kilichomjia, na mara nyingi kilichomjia hakikuwa na adabu. Jirani wa ukuta wa pili aliamini kabisa kwamba ile ni nyumba yenye furaha.

Mkosaji alikuwa Fundi, nani mwingine? Wiki mbili nyuma, akiwa amelewa chakari, aliamua kumfurahisha mkewe kwa kubadilisha kitasa cha choo. Alichokiweka kilikuwa cha mlango wa barabarani, kile kinachojifunga chenyewe ukishausukuma mlango. Kwa mlevi, alijitahidi. Tatizo ni kwamba alisahau kuweka kifundo cha upande wa ndani, kile cha kusokota ili utoke. Kifundo kilikuja kuonekana siku tatu baadaye ndani ya kopo la sukari. Ufunguo wa upande wa nje haukuonekana kabisa, maana aliuficha mahali salama ili usipotee, na mahali penyewe pakawa salama hata kwake.

"Kesho nakirekebisha," alisema. Kesho hiyo ilikuwa imefikisha siku kumi na moja. Mji mzima ulilala usingizi kwa vitasa vya mtu huyu, na yeye kwake watu wanajisaidia kwa kuimba. Ndiyo maana wakasema mganga hajigangi.

Sasa, Jumamosi ile kulikuwa na kikao. Mke wake, mwoka mikate, mwanamke wa maneno machache, alikuwa ameweka begi lake sebuleni karibu na mlango.

"Saa kumi mama anarudi kwake," alimwambia Fundi. "Ukiwa umeamua utatibiwaje, anarudi peke yake. Ukiwa hujaamua, naondoka naye."

Hakupiga kelele wala hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Fundi. Mke anayekugombeza bado ana matumaini na wewe. Huyu alikuwa ameshakunja hata aproni yake ya kazini na kuitia kwenye begi.

Mezani palikuwa na karatasi ya daktari. Alhamisi walikwenda kliniki, daktari akampima Fundi, akamuuliza kama amewahi kuanguka kwa degedege, akauliza nyumbani yuko nani, kisha akasema njia ni mbili na zote zinamfaa. Ya kwanza ni kulazwa miezi mitatu kwenye kituo nje ya mji. Ya pili ni kutibiwa akitokea nyumbani: kila asubuhi dawa kwa siku kumi za mwanzo, halafu mara tatu kwa wiki kukaa na mshauri, na nyumbani awepo mtu wa kushika dawa na isiwepo hata chupa moja. "Ila chagua mwenyewe," daktari alisema. "Tukikuchagulia utatukimbia. Na usije ukaacha ghafla peke yako. Ukianza kutetemeka, njoo siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili."

Shemeji yake, kaka wa mke, aliongoza kikao. Alikuwa mwalimu wa michezo na alikuja na filimbi shingoni.

"Alazwe!" akasema, akapuliza. "Miezi mitatu, geti limefungwa, mazoezi asubuhi na jioni!"

"Kile kituo, vitasa vyake vyote nimefunga mimi," Fundi akasema kwa unyenyekevu. "Chumba namba tisa hakihitaji hata waya. Unasukuma kwa goti."

"Basi wabadilishe vitasa," akasema mama mkwe.

"Watamwita nani, mama?"

Mama mkwe alimtazama. Huyu alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini, na kwake hakuna tatizo duniani lisilopona kwa kufungiwa. Mtoto mtoro, fungia. Mbuzi mwizi, fungia. Mkwe mlevi alikuwa amechelewa kufungiwa kwa miaka sita hivi.

"Mimi nataka ile ya kutokea nyumbani," Fundi akasema.

"Unaitaka kwa sababu njia ya kliniki inapita mbele ya baa mbili," mke wake akajibu.

"Tatu," Fundi akasahihisha, na akajuta neno likiwa bado mdomoni.

Mama mkwe akasimama, akachukua mkoba wake. "Nikitoka msalani tunapiga kura. Na kura yangu mnaijua."

Hakuna aliyemwambia habari ya kandambili. Utamwambiaje mama yako mzazi, mtu wa heshima zake, kwamba ndani humo anatakiwa kuimba? Mama mkwe aliiona ile kandambili, akasikitikia uchafu wa nyumba hii, akaiweka vizuri pembeni, akaingia, akasukuma mlango. Waliobaki sebuleni wakasikia kitasa: ka!

"Mlango huu," ikaja sauti ya mama mkwe baada ya muda, "unafunguliwaje?"

Shemeji alifika wa kwanza. Alirudi hatua nne nyuma, akapuliza filimbi, sijui alikuwa anamwanzisha nani, akauvamia mlango kwa bega. Mbao zilikuwa ngumu kuliko bega. Alikaa chini kwenye ukumbi na kuomba maji ya kunywa kwa sauti ndogo sana.

Fundi akaleta boksi lake la vifaa. Akachagua waya mwembamba, akapiga goti, akaulenga kwenye tundu la ufunguo. Waya ukagonga mlango. Akalenga tena, ukagonga fremu. Mara ya tatu ukamponyoka ukaanguka. Tangu jana jioni alikuwa hajagusa kitu, kwa kuheshimu kikao, na mikono yake sasa ilikuwa inacheza ngoma bila kumshirikisha. Kichungu ni hiki: angekuwa amelewa, mlango ule ungefunguka kwa nusu dakika. Alilijua hilo, na mkewe aliyesimama nyuma yake alilijua pia.

"Fundi," mama mkwe akaita.

"Naam, mama."

"Maji hayashuki vizuri humu. Nimefunua tangi. Kuna chupa."

Fundi alifumba macho. Alhamisi, mbele ya daktari, alikuwa ameapa kwamba nyumbani hamna hata kizibo.

"Ni ya nani?"

"Ni ya... ya dharura, mama."

"Dharura si ndiyo hii!" akasema Shemeji kutoka sakafuni, ameshika bega. "Apewe anywe kidogo, mikono itulie, afungue!"

Wazo lilikuwa zuri, isipokuwa aliyehitaji chupa alikuwa nje na chupa ilikuwa ndani. Fundi hakukata tamaa. Akakimbilia jikoni, akarudi na kisahani cha chai, akalala kifudifudi na kukisukuma chini ya mlango mpaka kikaingia nusu.

"Mimina humo, mama. Kidogo kidogo tu. Nitakivuta taratibu."

"Nimekuwa matroni miaka thelathini," mama mkwe akasema. "Unajua nimeona vitu vingapi vikipitishwa chini ya mlango?" "Nikikupitishia, utafungua?"

"Nusu dakika, mama. Haki ya nani."

"Na kesho?"

Fundi alikuwa na majibu sita ya swali hilo, yote mazuri, yote yalishawahi kufanya kazi. Lakini alikuwa amelala sakafuni, shavu kwenye saruji, na kwa ule uwazi wa chini aliviona viatu vya mama mkwe. Vya kahawia, vimepigwa rangi vikang'aa, vimesimama sambamba. Mama wa watu alivipiga rangi kwa ajili ya kikao chake.

"Kesho nitahitaji nyingine," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza la kweli kusemwa na Fundi siku hiyo, pengine mwezi huo.

"Haya," akasema mama mkwe. "Chupa ninayo mkononi, kizibo nimeshakitoa. Nikupitishie au niimwage? Sitaki kura ya mtu. Sema wewe."

Nisidanganye: aliitaka ile chupa kwa moyo wake wote. Aliitaka kuliko chakula na kuliko usingizi. Akaligeuza shavu upande wa pili, na upande wa pili sebuleni kulikuwa na begi la mkewe, kamba ya aproni imechomoza kwenye zipu. Mke mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili kama mtu anayeangalia mtoto akivuka barabara.

"Mwaga, mama."

"Sijasikia."

"Mwaga!"

Wakasikia inavyokwenda, gu gu gu gu, mpaka ikaisha. Fundi alilia pale chini kwa sauti, bila aibu, na hata Shemeji akageuza uso. Mke wake alikuja akakaa sakafuni karibu naye. Alikuwa hajakaa karibu naye hivyo tangu mwaka juzi.

"Sasa," ikasema sauti ya ndani, "mimi natokaje?"

Fundi akajifuta pua. Kulia kulikuwa kumemsafisha kichwa. "Mama, kifundo hakipiti hapa chini, wala bisibisi. Ila kitasa kilivyokaa, skrubu ziko huko kwako. Una kitu chembamba, bapa?"

"Nina tupa ya kucha."

"Hiyo hiyo. Skrubu ziko nne. Anza ya juu. Unasokotea kushoto."

"Kushoto nakujua."

Akasokotea kulia kwa dakika kumi, skrubu ikakazika kuliko ilivyokazwa na fundi. Kisha wakaanza upya. Bandu bandu huisha gogo. Fundi alikaa mgongo mlangoni, mkewe amemshika mikono iliyokuwa inatetemeka, naye anasema, "Robo tena, mama. Pumzika. Robo tena." Shemeji alikwenda kuipigia simu kliniki kuwaambia kwamba mtu wao anatetemeka na anakuja leo, ila kuna bibi kwanza.

"Hivi kule kwenye kituo," mama mkwe akauliza kati ya skrubu ya kwanza na ya pili, "milango ni kama huu?"

"Mizito zaidi, mama."

"Saa moja tu nimo humu," akasema, "na nimeshawachukia nyote. Hata wewe mwanangu." Tupa ikakwaruza. "Fundi, hapa pa nne hamna skrubu. Pana kijiti cha kiberiti."

"Nisamehe, mama."

Saa kumi kasoro dakika kumi kitasa kilianguka sakafuni. Mama mkwe akatoka, nywele ziko mahali pake, mkoba begani, chupa tupu kwapani. Shemeji akainua filimbi ili kura ipigwe. Mama mkwe akamvua ile filimbi shingoni, akaitia kwenye mkoba wake, na haijarudi mpaka leo.

"Hakuna kura," akasema. "Aseme mwenyewe."

Fundi alisimama. "Nitatibiwa nikitokea hapa," akasema. "Mwanzoni nilitaka hivyo kwa ajili ya zile baa, na nyote mlijua. Sasa hivi sababu ni nyingine. Mkinifungia nitatafuta waya, sitatafuta kupona. Najijua. Lakini peke yangu pia siwezi. Nahitaji mtu akae mlangoni aniambie robo tena."

Mke alilia hapo, yeye ambaye hakulia kwa ajili ya begi. Halafu akaisoma karatasi ya daktari mpaka chini: mtu wa kushika dawa na kumsindikiza asubuhi. Yeye alfajiri yuko kwenye tanuri. Shemeji ana watoto wa kukimbiza uwanjani. Macho yote yakazunguka polepole mpaka yakatua mahali pamoja.

"Nguo zangu nitaziweka chumba gani?" mama mkwe akauliza.

Kwa sekunde chache Fundi aliona kulazwa si kubaya kiasi hicho.

Saa kumi kamili mke aliondoka na mama yake, kama alivyokuwa ameahidi. Ila Fundi alikuwa katikati yao, wanaelekea kliniki, na begi lilibaki sebuleni.

Zikafuata asubuhi za kliniki. Mama mkwe alitembea upande wenye baa, mwavuli mkononi hata kama hamna wingu, na wenye baa wakawa wanamwamkia kabla ya kusalimiana na mteja yeyote. Siku ya sita, mbele ya baa ya tatu, miguu ya Fundi iligoma. Alisimama analitazama lile pazia la mlangoni. Mama mkwe hakumvuta. Alisimama naye, akaanza kuyalalamikia magoti yake, la kulia kwanza, kwa urefu, mpaka Fundi akaona heri kutembea.

Siku ya kumi na mbili alinyoosha mikono juu ya meza ya chakula na wote wakaitazama. Ilitulia. Alikwenda kwenye kopo la sukari, akachukua kifundo, akakifunga kitasa cha choo upya kwa skrubu nne, akazihesabu mbele ya mashahidi. Akakijaribu yeye, akakijaribu mkewe. Mama mkwe alikuwa amesimama kando, ameishika ile kandambili ya bluu, anakitazama kitasa kama alivyokuwa akiwatazama wasichana wanaosema wanaumwa kichwa.

Kisha akainama, akaiweka kandambili chini, mbali na mlango. Akaingia. Akasukuma mlango mpaka kitasa kikalia ka.

Fundi na mkewe walisubiri ukumbini, wametega masikio. Hakuimba.