Dirisha la Jikoni

Nyumba ya Jicho ilikuwa na madirisha kama nyumba za watu wote, mpaka mwenyewe alipoanza kuyaona kuwa ni hasara.

"Dirisha ni ukuta uliopotea bure," alimwambia mkewe siku alipomleta fundi mwashi kwa mara ya kwanza.

Lile la chumba cha kulia likazibwa kwa tofali, likapigwa plasta na rangi nyeupe, na kabla rangi haijakauka vizuri pakatundikwa picha ya ng'ombe wa buluu. Likafuata la ukumbini, kisha la chumba alichokuwa akilala binti yao kabla hajaolewa akahamia mbali. La chumbani kwao lilizibwa nusu, na nusu iliyobaki ikashushiwa pazia zito, kwa kuwa jua, alisema Jicho, linaua rangi. Mkewe akawa mtu wa kuwasha taa saa sita mchana.

Jicho si jina alilopewa na mama yake. Alikuwa fundi miwani mwenye duka lake, na waliombatiza hivyo ni watu wa soko la sanaa, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli, maana alijipiga kifua kwamba hakuna mchoraji mpya anayechomoza mjini bila yeye kumwona kwanza. "Mwenye macho haambiwi tazama" ndiyo iliyokuwa salamu yake. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Hakulewa, hakumpiga mtu, na chakula hakikukosekana kwake hata siku moja. Ila akikipenda kitu, lazima akipigie msumari.

Mkewe, watu wa soko walimwita shemeji, na hawakuuliza zaidi. Kwa kuwa picha zilikuwa nyingi na za thamani, nyumba haikuweza kuachwa bila mtu, na mtu huyo alikuwa yeye. Akitaka kwenda kumwona binti yake, jibu lilikuwa picha. Akitaka kwenda msibani, picha. "Sasa nani atabaki?" aliuliza Jicho, tena kwa upole kabisa, mpaka kukasirika kukawa kama utovu wa adabu. Siku za maonyesho tu ndipo wifi yake alipokuja kukaa zamu, na shemeji akatolewa nje kama godoro la kuanikwa, jioni akarudishwa ndani.

Dirisha lililobaki zima lilikuwa moja, la jikoni, juu ya sinki. Halikuwa na cha kujivunia. Ukichungulia uliona uchochoro wa nyuma na tangi la maji la jirani juu ya miguu yake ya chuma, likivuja upande mmoja hata likajichora mstari wa kutu. Uliona na kamba ya nguo yenye sweta la kijani la mtoto wa shule, ambalo halikuwahi kukauka sawasawa. Mbele ya hayo yote palikuwa na nondo, na mojawapo ilikuwa imepinda. Aliipinda Jicho mwenyewe. Walikuwa ndiyo kwanza wamehamia, wamesahau funguo ndani, na bwana harusi akavua shati akasema ataingilia dirishani kama mwizi. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, nondo ikapinda kidogo tu, mwenyewe akaanguka chali kwenye matope. Walicheka hadi jirani akatoka kuuliza kulikoni. Siku hizo Jicho hakuwa na picha hata moja. Mkewe alimpenda mno siku ile, na kila alipoosha vyombo aliitazama ile nondo akamkumbuka mtu aliyemwoa.

Hapo dirishani ndipo alipoanza kuchora. Picha za mumewe zilipoletwa nyumbani zilikuwa zimekingwa kwa mbao nyembamba ambazo baadaye zilitupwa uani. Yeye aliziokota. Rangi alizipata katika vikopo ambavyo Jicho alivinunua kwa ajili ya fremu akavisahau. Alichora asubuhi, vyombo vikishaoshwa, ubao ukiegemea birika, na saa ya mumewe kurudi ikikaribia alikaanga vitunguu ili harufu ya rangi imezwe. Jicho alikula vitunguu miezi na miezi bila kuuliza. Alichochora ni dirisha tu: tangi kwenye mvua, tangi kwenye jua, sweta linapepea, sweta limening'inia limechoka. Hakuchora ili aonekane. Humo ndani ya nyumba, hapo tu ndipo alipopumua.

Mwanzoni aliwahi kumwonyesha mumewe mchoro mmoja, wa penseli. "Vizuri, mama, ni starehe nzuri hiyo," alisema Jicho, kisha akaweka kikombe chake cha chai juu yake ili meza isipate alama. Hakumwonyesha tena.

Aliyejua ni Mama Fremu peke yake, mwanamke mwenye kibanda sokoni, aliyekuwa akija nyumbani kuchukua picha za Jicho akazitie fremu. Siku moja alifungua kabati kutafuta glasi ya maji, akazikuta zile mbao nyuma ya masufuria. Alizitoa moja moja, akaketi.

"Shoga," alisema, "hizi zinafanya nini na masufuria?"

Tangu siku hiyo, kila alipotoka na mzigo wa Jicho, alichomeka ubao mmoja katikati, akauweke kibandani bila jina. Funika kombe mwanaharamu apite.

Maonyesho ya msimu ule yalifanyika katika ghala kuukuu lililonuka vanishi na vumbi. Wachoraji wenye uwezo walikodi vibanda, wengine walitandaza kazi zao sakafuni wakazikandamiza kwa mawe, na mchonga vyuma mmoja alipanga majogoo yaliyotengenezwa kwa spoku za baiskeli. Jicho alikuwa na utaratibu wake. Mzunguko wa kwanza alipita haraka, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Wa pili alipita polepole. Wa tatu ndio wa kusimama. Mkewe alimfuata na chupa ya maji na bomba la kadibodi la kubebea picha za turubai zilizoviringishwa, akiwa amevaa ule uso aliofundishwa.

"Ukipenda, uso usijue," Jicho alimfunza zamani. "Muuzaji akishakuona umependa, tumekwisha."

Naye alikuwa mwanafunzi hodari. Wachuuzi walisema shemeji ana uso wa ubao, na Jicho alilipokea hilo kama sifa yake mwenyewe.

Siku ile Jicho alisimama katika mzunguko wa kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alisimama kwenye kibanda cha Mama Fremu, mbele ya ubao wenye tangi, sweta na nondo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nani huyu?"

"Mchoraji," alisema Mama Fremu.

"Najua ni mchoraji, si mpiga debe. Nani?"

"Hapendi kujulikana, mzee."

"Kijana?"

"Mtu tu, mzee. Mtu wa kawaida."

Jicho alisogea mpaka pumzi yake ikaugusa ubao. "Njoo, mama, ujifunze," alimwambia mkewe. "Ona hii nondo. Mchoraji wa kubabaisha angezinyoosha zote. Huyu kaipinda moja, makusudi! Ndio ubunifu huo. Anatuambia kuna mtu alitaka kutoka."

"Au kuingia," alisema mkewe.

Jicho akageuka. Hajawahi kumsikia akitia neno sokoni. "Kutoka, mama," alimsahihisha taratibu. "Picha nzima inasema kutoka."

Shemeji alifurahi, kusema kweli. Alifurahi kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Papo hapo alitamani kumrukia yule mwanamume amtikise, amwambie matope, shati, wewe chali, mimi nacheka! Lakini uso ulikuwa umezoea kazi yake, haukusogea hata ukope.

"Naichukua," alisema Jicho. "Na mahali nimeshapata. Ukuta umebaki mmoja tu, jikoni, juu ya sinki. Fundi atakuja kesho kutwa aliondoe lile dirisha. Jiko litahamia stoo, moshi usiiharibu. Sinki tu ndilo litabaki, bomba halihamishiki."

Stoo haikuwa na dirisha. Shemeji akaiweka chupa ya maji mezani.

Jicho alipokwenda kutafuta gazeti la kufungia, Mama Fremu alimvuta mwenzake pembeni. "Mwambie! Mwambie sasa hivi kwamba ni yako."

"Nikimwambia, kesho nitakuwa mchoraji wake. Atanizungusha maonyesho yote aseme kanigundua yeye. Kitu changu kilikuwa kimoja hicho."

"Na usipomwambia, dirisha linakwenda. Utachorea nini?"

Akisema, anajipoteza, akinyamaza, anapoteza dirisha. Alirudi nyumbani amekaa kwenye daladala na ile picha mapajani, tangi lake na sweta lake, vimefungwa gazeti.

Kesho yake alikata shauri atoe nusu: amwambie habari ya dirisha, ile ya kuwa mchoraji ni yeye aibakize. Alipiga moyo konde akamfuata mumewe sebuleni.

"Baba, ile picha ni dirisha letu."

Jicho alicheka, akafurahi kabisa. "Unaona? Umeanza kuelewa sasa. Picha nzuri, kila mwenye dirisha anadhani ni lake."

"Hapana. Ni letu hasa, la jikoni. Njoo uone mwenyewe."

"Nakuja, nilikuwa nakuja huko huko."

Akaja kweli, na futi mkononi. Shemeji alimpisha kwenye sinki, akaweka kidole juu ya nondo iliyopinda, akangoja. Jicho aliinama, pua yake karibu iguse nondo. Nje tangi lilikuwa likivuja. Sweta lilikuwepo, mkono mmoja umegeuka ndani nje. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama alivyokichora, na mwanamume huyu aliyewapima nusu ya mji macho alikuwa amekodoa yake kwenye namba za futi.

"Itaenea," alisema. "Itaenea kama imezaliwa hapa."

"Baba, hii nondo. Huikumbuki?"

"Umenikumbusha vizuri. Nitamwambia fundi azing'oe zote kwanza, chuma hicho kinafaa."

Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno: ni mimi, picha ni yangu, niachie dirisha langu. Alimtazama mumewe akiikunja futi, akawaza kwamba mtu aliyeweka pua dirishani asilione dirisha, akiambiwa mchoraji ni huyu aliyesimama kando yake atakodolea nini? Labda kikombe cha kuweka juu yake. Hasira ikampanda, kisha ikashuka, ikaacha uchovu tu. Akayameza.

Fundi alikuja na tofali zake, mtu mchangamfu, akipiga mluzi. Nondo zilitoka zote, na kwa kitambo kidogo dirisha likawa wazi kabisa, hata angeweza kutoa kichwa na mabega. Alikitoa kichwa. Hewa ya uchochoroni ilinuka sabuni. "Samahani, mama, udongo unakauka," alisema fundi, naye akarudi ndani. Mwanga ukawa wa ukubwa wa tofali mbili, ukawa wa tofali moja, kisha akawasha taa.

Picha ikatundikwa hapo hapo, na ilienea kweli. Sasa akiosha vyombo alikuwa na tangi lisilojaa wala kupungua, na sweta ambalo upepo hautaligusa tena. Alijaribu kuchora akiwa stoo, ubao ukiegemea gunia, lakini kila alichokitoa kilikuwa nakala ya ile ya ukutani. Akaacha. Vikopo vya rangi vikakauka vifuniko vikiwa wazi. Vitunguu navyo akapunguza, na Jicho hakuuliza.

Alichouliza Jicho kilikuwa kingine. Kila maonyesho yalipofunguliwa hakuzunguka tena, alikwenda moja kwa moja kwa Mama Fremu.

"Hajaleta?"

"Hajaleta, mzee." Na Mama Fremu alimtazama shemeji, aliyekuwa ameshika chupa ya maji.

Jicho aliumia kwelikweli. Alisumbua masoko yote, alipekua kila kibanda, alilala vibaya. Siku moja wakirudi nyumbani akasema, "Kipaji kama kile! Unadhani kwa nini ameacha?"

"Labda wamemzibia dirisha," alisema mkewe.

Jicho alisimama katikati ya njia. Mkewe naye akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya fundi, alimtazama mumewe usoni, akangoja.

"Mama!" alisema Jicho. "Hilo ni neno!" Akacheka, akafuta miwani, wakaendelea na safari.

Wiki chache baadaye walikuja wageni, watu wa picha kama yeye, akawapitisha kuta zote, akimalizia jikoni. Walisongamana mbele ya sinki wakaitazama picha kwa muda. Mwanamke mmoja akauliza, "Na huyu mchoraji yuko wapi siku hizi?"

Jicho aliweka mikono nyuma. Alingoja mpaka wakanyamaza wote.

"Maoni yangu mimi," alisema, "wamemzibia dirisha."

Wageni waliguna kwa kukubali, mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni, mwingine akasema ndiyo maana mtu huyu anaitwa Jicho. Nyuma yao shemeji alikuwa amesimama na sinia la vikombe vichafu, uso wake wa ubao.

"Jamani, tumpishe shemeji," alisema yule mwanamke. Wakasogea, naye akapita, akafungua bomba, akaanza kuosha vikombe.