Ngolo za Angani

Ottilia aliegemeza simu kwenye kinu, akaikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli, akabandika mbele ya kamera kioo cha darubini mbovu ya marehemu babu. Akaipanga isubiri kidogo ndipo ipige, maana kidole kikigusa, nyota zinatoka kama minyoo. Akaingia jikoni kusonga ugali.

Picha ilipotoka, juu ya shamba lao la kahawa hakukuwa na nyota. Angani kulikuwa na shimo kubwa lenye kingo zilizonyooka, na barabara ya malori ikishuka kutoka humo.

"Ndiyo maana juzi lori lilipita turubai likiwaka," alisema bibi yake, Veneranda. "Nikadhani makaa ya mawe yameshika moto, kumbe ni nyota."

Asubuhi wakaenda kwa mtendaji wa kijiji, Cuthbert. Aliitazama picha, akairudisha.

"Mgodi una kibali, bibi. Eneo la juu halijaendelezwa. Nyie mmelima nini kule? Mmepanda hata mchaichai?"

"Bado," alisema Ottilia, ambaye darasani hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona.

Cuthbert akacheka. "Bado! Haya, nendeni mkalime."

Bibi akaichukua hiyo kama ruhusa. Jioni alibeba jembe na mbegu za maharage, akapita mgomba wa mwisho, akaendelea kupanda hata baada ya mlima kwisha.

Picha ya usiku ule ilionyesha ngolo. Mashimo ya kulimia yamepangwa safu kwa safu, majani yamefukiwa kwenye matuta, kama miteremko yote ya Umatengo, ila katikati ya nyota. Bibi ameinama na jembe, sura yake imetoka na ukungu.

"Picha ya simu siyo ushahidi," alisema Cuthbert, Ottilia alipompelekea kesho yake. "Na huyu mtu hata sura haionekani."

"Haonekani kwa sababu analima," alisema Ottilia, safari hii mpaka waliokaa nje wakasikia. "Wewe ukipigwa picha hapo kwenye kiti, mtendaji, utatoka vizuri sana."

Nje mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Cuthbert akafunga dirisha.

Malori hayajaacha kupita. Shimo la angani limeshapanuka mpaka upande wa ziwa. Bibi hushuka Jumapili kusali, kucha zimejaa udongo unaong'aa, halafu anarudi juu, maana maharage yameanza kutoa maua na mgodi umeshang'oa safu ya kwanza.

Jana Ottilia alichukua jembe la pili. Akaiweka simu kwenye kinu, akaipanga isubiri zaidi ya kawaida, ili awe ameshafika juu kabla haijapiga.