Mchicha wa Vumbi la Mbao

Mume wangu ni seremala, na ubishi wake ni kama msumari: ukiugonga ndio kwanza unazidi kuzama. Vumbi la mbao lilipomharibia kifua, daktari akamkataza karakana. Akakaa nyumbani, akapanga ndoo kuukuu barazani apande mchicha. Na akazijaza nini? Vumbi la mbao! Jamani!

"Udongo unagandamana," akanifundisha. "Hili linapitisha hewa."

"Mmea utashiba hewa, baba watoto?"

Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Mchicha ukaota, ukadumaa hapohapo, majani ya njano, urefu wa kidole. Asubuhi moja akaukodolea macho, akasema, "Ukigoma huu, narudi karakana. Siwezi kukaa tu kama mzigo."

Mimi ndiye ninayelala ubavuni pake, nakijua kile kifua. Akirudi kule, nabaki mjane.

Basi nikapanda wangu kwenye ndoo zangu, nimwonyeshe: udongo wa mfinyanzi na samadi tele. Nyani haoni kundule! Udongo wangu ukawa tofali, maji yakatuama juu, miche ikaanza kuoza mizizi. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikakimbilia kumletea maji.

Siku alipokwenda kunyoa, nikazipakua ndoo zake mbiombio. Nikachanganya lile vumbi na udongo na samadi iliyooza, nikairudisha miche, nikatandaza vumbi kavu juu asijue. Nikanawa mikono, nikaendelea na mapishi.

Mchicha wake ukachangamka, ukawa kijani cha kupendeza. Ajabu, na wangu pia! Nikaanza kujigamba kwa majirani. Mpaka siku nilipong'oa mmoja kupunguza msongamano, nikaona mizizi imekumbatia chembe nyeusi. Vumbi la mbao, lile la zamani lililooza nyuma ya karakana.

Nikamvamia barazani. "Wewe! Umetia mkono kwenye ndoo zangu?"

"Ulipokuwa sokoni. Na wewe ulidhani sijaijua samadi yako? Kifua ndicho kibovu, mke wangu. Pua nzima!"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Wiki hiyohiyo akaja fundi mwenzake wa karakana. "Kaka, kazi zimetuzidi. Rudi, hata nusu siku."

Nilikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Mume wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, anachanganya udongo, samadi na lile vumbi jeusi, anaminya tonge kiganjani aone kama linashikana bila kuganda. Wala hakuinua kichwa.

"Sina nafasi, ndugu yangu. Ila niletee gunia la vumbi lililooza. Na ulimwagie maji kwanza, lisitimke. Nina mke mimi, nataka kuzeeka naye."

Nikajifanya naenda kuosha sufuria, nikaingia jikoni nikalia kwa raha zangu.