Jina Mgongoni mwa Job

Salum Mwinjuma alijaliwa mdomo, na huko Tanga alikozaliwa hakuna ambaye angekubishia. Kazi ya kuendesha basi la hoteli huko Arabuni ilimlazimisha kuufunga wiki nzima, maana mgeni aliyetoka uwanja wa ndege hataki soga za dereva. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, alipomleta mwanawe Hamza kwenye mpira, maneno ya wiki nzima yalimtoka kwa mkupuo. Watu walimpenda kwa hilo. Asipokuwepo, walisema uwanja umepooza.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa shule moja upande wa Mesaimeer, nyasi za bandia, wavu wa goli moja umefungwa kwa kamba za viatu. Walicheza mapema ili Wakristo wavuke kwenda kanisani hapo jirani na Waislamu wawahi sala ya Ijumaa. Mratibu alikuwa Collins, Mkenya wa kampuni ya ulinzi, mtu mpole aliyekesha lindoni na kuja uwanjani macho mekundu, bado akitabasamu. Mwanzo wa msimu aliwakusanya wazazi.

"Wazazi wangu, mnisikize kidogo," alisema. "Mtoto aje na maji, soksi ndefu na kinga za miguu. Kila mtoto atacheza, awe anajua ama hajui. Mzazi akae nyuma ya hii kamba, kocha ni mimi. Na miaka ya hawa watoto nimeangalia mwenyewe kwa vitambulisho vyao. Hiyo stori ya umri sitaki kuiskia hapa."

Wazazi wakapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Salum.

Kisha akaja Job. Job alikuwa mtoto wa Velma, mwalimu wa chekechea kutoka Kakamega, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye visima vya gesi baharini na kurudi nyumbani kwa zamu. Alikuwa na miaka tisa, lakini Mungu alipomgawia urefu alisahau kuzuia mkono. Alimfikia mama yake begani. Viatu vyake vya mpira Salum angeweza kuvivaa akaenda navyo kazini. Alitembea ameinama, shingo mbele, kama mtu anayepita mlango mfupi, na akisemeshwa alitazama chini.

Ila mpira aliujua. Siku ya kwanza tu Collins alimweka mbele na Hamza, aliyezoea kuwa mshambuliaji, akarudishwa nyuma kuwa beki. Hamza mwenyewe hakujali, alifurahi kuwa karibu na kipa, rafiki yake. Aliyejali ni baba. Wivu ulimshika Salum, na kwa kuwa hakuzoea kukaa na neno moyoni, alilitoa.

"Kijeba huyo!" alipaza sauti. "Collins, muulize vizuri, huyo ana mke na watoto wawili Kakamega!"

Watanzania waliokuwa karibu walivunjika mbavu. Zuhura, Mzanzibari aliyefanya usafi wa vyumba hoteli moja na Salum, nusura aangushe chupa ya chai. Kwao neno lile halihitaji tafsiri. Kijeba ni mtu mzima aliyepenyezwa kwenye timu ya watoto, aliyepunguziwa miaka ili awaonee wadogo zake. Kumwita mtoto wa mtu kijeba ni kumwita yeye tapeli, na wazazi wake matapeli wakubwa zaidi.

Wakenya hawakucheka. Neno hilo hawakuwa nalo. Velma aliinuka kwenye kiti chake cha kukunja, akaja mpaka alipokaa Salum, uso mkunjufu kabisa.

"Baba Hamza, mmesema Job ni nini? Kijeba? Kijeba ni nini?"

Hapo ndipo mtu muungwana angesema, samahani mama, ni utani wa kijinga, nimekosa. Yangeisha palepale. Lakini yule mama alikuwa anamtazama machoni, bila shaka yoyote, na Salum akaona aibu ya kusema kweli ni kubwa kuliko aibu ya kusema uongo. Kosa hilo wengi wetu tumelifanya. Akatafuta mlango wa karibu akatokea huo.

"Ni shujaa," alisema. "Kwetu, mchezaji tishio, jabali la timu, tunamwita kijeba."

"Waah! Asante sana," alisema Velma, akarudi kwenye kiti chake anatabasamu peke yake.

Salum alipogeuka alimkuta Hamza nyuma yake, chupa ya maji mdomoni, ameacha kunywa. Kijana wa miaka kumi aliyelelewa na baba mwenye redio ya mpira alijua kijeba ni nini. Ndani ya gari tu, wakati wamekwama kwenye foleni ya barabara iliyochimbuliwa, ndipo aliuliza.

"Baba, kijeba ni shujaa?"

"Mambo ya wakubwa hayo. Funga mkanda."

Mkanda ulikuwa umefungwa.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini ya Salum ilirefuka. Ijumaa iliyofuata watoto wote walikuwa wanamwita Job kwa jina hilo, Wakenya kwa heshima na Watanzania kwa kujibana mbavu. Velma akawa anashangilia, "Twende, Kijeba! Twende, baba!" na kila akishangilia Salum alichunguza kamba za viatu vyake. Baada ya kila mechi mama huyo alimpigia simu mama mkwe wake Kakamega kumpa matokeo, na Salum, hata akikaa mbali vipi, alisikia neno lile likisafiri kwenda Kenya.

Siku moja Velma alimfuata na kikombe cha chai.

"Baba Hamza, lazima nikushukuru. Huyu kijana shuleni wanamwita babu. Wanamuuliza atalipa karo ya watoto wake lini. Alikuwa hataki hata kuenda nje, anainama tu ndio aonekane mfupi. Sasa ona vile anatembea."

Salum akaona. Job alikuwa anavuka uwanja na koni za mazoezi kichwani, mgongo umenyooka, anacheka. Chai ilikuwa tamu, na Salum aliishika tu mpaka ikapoa.

"Umemwambia?" Zuhura alimuuliza baadaye, pembeni.

"Nitamwambia."

"Lini? Mimi nilicheka siku ile na mpaka leo roho inanisuta, na jina si langu. Wewe unalalaje?"

"Zuhura, mtoto ana raha. Nikisema namharibia."

"Raha ya kuazima hiyo, kaka. Mwenyewe atakuja kuichukua." Zuhura alifunga chupa yake ya chai kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Salum alijua kuwa Zuhura amesema kweli. Alijua pia kuwa hamhurumii Job, anajihurumia mwenyewe. Ijumaa zikapita. Kila mara aliahidi nafsi yake baada ya mechi, na baada ya mechi aliwahi gari.

Mwisho wa msimu iliandaliwa mechi na watoto wa mji jirani wa Al Wakrah, timu iliyokuwa na wazazi wengi wa Dar es Salaam na Morogoro. Walikuja na ngoma, vuvuzela na midomo isiyopungua wa Salum. Alikuwa anawasalimia, anaulizana nao habari za nyumbani, alipomwona Velma anatokea getini na sinia la mandazi, na nyuma yake Job.

Jezi ya Job ilikuwa mpya. Mbele haikuwa na kitu. Job alipopita, Salum aliona mgongo, na juu ya namba tisa, kwa herufi nyeupe kubwa za kupachikwa kwa pasi, palisomeka KIJEBA.

"Nilimpelekea fundi wa pale Fereej Bin Mahmoud," Velma alisema, akimpitishia Salum sinia. "Mhindi ameniuliza mara tatu kama nimeandika sawa. Nikamwambia sawa kabisa, hilo jina lina mwenyewe, amepewa na mzazi wa hapa hapa."

Jua lilikuwa limeanza kuchoma lakini Salum alisikia baridi. Mkono wake ulichukua andazi na kulishika tu. Sasa, alijiambia. Sema sasa, kabla hawajaingia. Filimbi ikalia.

Wageni hawakukawia kuona. Mmoja alisimama juu ya kiti, akanyoosha kidole.

"Jamani, leo wamekiri wenyewe! Wameandika kabisa!"

Kicheko kilichofuata kilizunguka kamba nzima. Ngoma ikaanza kupigwa. "Ki-je-ba! Ki-je-ba!" waliimba, baba wazima na heshima zao, vuvuzela zikijibu. Mwingine akapaza sauti kuuliza kama mke wa Kijeba amekuja kumtazama.

Na Job, ambaye hakuwahi kuimbwa na umati maishani mwake, alisimama katikati ya uwanja na kusikiliza. Kisha uso ukamchanua. Akawapungia mkono. Akageuka, akawapa mgongo, na kwa vidole gumba viwili akawaonyesha jina lake ili walisome vizuri.

Walicheka mpaka wakalia. Velma naye alikuwa amesimama, anapiga makofi kwa kuyumba na wimbo ule, machozi ya furaha yanamlenga. Salum alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya pale ilikuwa zulia la plastiki na haikupasuka. Aliona haya usoni, masikioni, mpaka kwenye vidole. Alitaka kuwafokea wale wanaume, wamwache mtoto wa watu. Angewafokea kwa neno gani? Walikuwa wanamwita kwa jina alilompa yeye.

Wakati wa kunywa maji watoto walikusanyika karibu na benchi. Salum alimwona Hamza akimvuta Job kando, akimnong'oneza, akiipapasa ile jezi mpya kama anayeitamani. Job alisita, kisha kwa ukarimu wake akaivua. Wakabadilishana. Jezi ya Hamza ilimbana Job hadi kitovu kikawa nje. Ile ya Job ilimshuka Hamza mpaka magotini, na jina likamfunika mgongo wote, bega hadi bega.

Kabla ya kurudi uwanjani Hamza alimtazama baba yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama jinsi mtu anavyomwangalia mwenzake aliyeahidi kubeba mzigo na hakuubeba, kabla hajainama kuuchukua yeye. Kisha akakimbia kwenye nafasi yake ya beki, na wageni wakaanza upya.

"He! Kijeba kapungua! Kijeba kanyweshwa dawa!"

"Baba Hamza," Velma alisema. Alikuwa amekuja kusimama kando yake, hacheki tena vizuri. "Mbona Hamza amevaa jina ya Job? Na hawa watu, mbona wanamcheka Hamza?"

Kwa mara ya pili alikuwa anamuuliza, kwa uso uleule.

Salum akasema. Hakupamba maneno. Alimwambia kijeba ni nini, alimwambia alilitamka kwa wivu kwa sababu mwanawe alirudishwa nyuma, na kwamba alipoulizwa alidanganya, na Ijumaa zote zile alikuwa akidanganya kwa kunyamaza. Alisema nisamehe, mama Job, na neno lenyewe alilisikia jepesi, halina uzito hata wa andazi lililokuwa bado mkononi mwake.

Velma hakupiga kelele. Alitazama uwanjani, alikokuwa mwanawe, kitovu nje, akimpigia Hamza kelele ampe pasi.

"Nilikuuliza," alisema. "Niliamka kwa kiti yangu nikakuja nikakuuliza wewe. Hata Mhindi aliposhuku, mimi nilikuamini wewe."

"Ni kweli."

"Nyanya yake anamuombea na hilo jina. Kila jioni. Amesimama kanisani akawaambia wamama wote mjukuu wake huko Arabuni anaitwa Kijeba." Alitoa simu mkobani, akabonyeza na kumkabidhi Salum. "Mwambie wewe. Mimi sina huo mdomo."

Simu ilikuwa tayari inaita. Salum aliiweka sikioni. Nyuma ya kamba ngoma ilikuwa inapigwa bado, na mwanawe alikuwa anakimbia na jezi ya kuburuza, akikanyaga pindo, akiinuka. Kakamega mtu akapokea, sauti ya mwanamke mzee, changamfu, iliyokuwa imesubiri.

"Haloo, Velma! Kijeba wetu amefunga ngapi?"

"Shikamoo, mama," Salum alisema. "Si Velma. Ni mzazi mwenzake wa hapa uwanjani. Naitwa Baba Hamza."

"Baba Hamza!" Bibi alicheka kwa furaha, akamwita mtu aliyekuwa naye ndani ya nyumba aje asikie. "Ni wewe yule alimpatia mtoto wetu jina?"

"Ndiyo, mama," Salum alisema. "Ni mimi."