Kaka wa Kufundishia

Kwao walimwita Kasuku tangu hajaota meno ya pili, kwa sababu alikuwa hamwachi mtu. Mgeni akija na lafudhi yake, au na namna yake ya kukohoa, akishatoka tu, binti amemweka mdomoni na nyumba nzima inashika mbavu. Kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka mingi, alikuwa na kigugumizi kizito, na watoto wa mtaani walimwita Cherehani: ta-ta-ta-ta, neno halitoki. Jina hilo hakulikimbia. Alipokua akajifunza kushona viti vya magari, akafungua karakana yake, akaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: CHEREHANI. Wateja walidhani ni kwa sababu ya kazi.

Utotoni Kasuku ndiye aliyekuwa mdomo wa kaka yake. Dukani aliagiza yeye, kwa daktari alieleza yeye. Kaka akianza sentensi, mdogo mtu aliimalizia, na mara nyingi aliimalizia sawasawa. Alichokuwa hasemi ni kwamba siku nyingine aliimalizia sivyo, makusudi, aone kaka atafanya nini. Kaka alicheka tu.

Alipotafuta nafasi ya kwenda kusomea tiba ya usemi nje ya nchi, Kasuku aliwasimulia waliomhoji habari za huyo kaka. Tena hakusimulia tu, alionyesha: akafumba jicho moja, akakaza shingo, akapiga mguu chini, ta-ta-ta. Mama mmoja kati ya wahoji alivua miwani akajifuta macho. Nafasi ikapatikana, na ufadhili juu yake. Nyumbani Kasuku alisema amepita kwa alama zake.

Mama yao, mjane aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, hakuipokea habari ile kwa furaha tupu. Kwanza alihofia baridi, halafu upweke, halafu mkwe wa huko asiyejua hata kumsalimia. Mwisho akasema lililokuwa likimkereketa hasa: wanaokwenda kule hurudi wageni, wanakaa ukingoni mwa kiti kama watu wanaosubiri kuitwa ndani. Mjomba akapinga. Chuo cha hapa, alisema, wanafunzi wanasikiliza somo dirishani, vifaa hakuna, na mwalimu pekee wa fani hiyo ameshakwenda zake. Mtoto akasome mahali ambapo mambo atayaona kwa macho, arudi na kitu mkononi. Walibishana mpaka chai ikapoa. Ndipo Cherehani akainua mkono, na wote wakanyamaza wakasubiri, kwa kuwa yeye alikuwa haombi kusema mara kwa mara.

"Mu-mu-mwacheni aende," alisema, na ilimchukua muda. "A-a-akirudi a-atanifundisha ku-ku-kusema."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Mke wake, aliyekuwa na mimba kubwa wakati huo, ndiye pekee aliyebaki na uso wake. Alimjua mumewe, akajua kwamba hatanii.

Ugenini mwaka wa kwanza ulimtoa Kasuku jasho. Dirisha la chumba chake lilitazama ukuta wa jengo jingine, na katika jiko la pamoja wenzake waliandika majina yao hadi kwenye mayai. Lugha aliijua ya vitabu. Ya watu ilimpita mbio. Darasani alianza sentensi, akatafuta neno, na kabla hajalipata mwenzake amemmalizia kwa tabasamu la huruma. Alirudi chumbani, akavua viatu, akalia. Na katika vilio vyote hivyo hakumfikiria kaka yake hata mara moja.

Lakini Kasuku ni Kasuku. Mwaka ulipogeuka alikuwa anasema kama wao, kwa mizaha yao na miguno yao. Chuo kikamfungulia mambo ambayo nyumbani angeyasoma kwenye fotokopi iliyofifia: maktaba isiyofungwa, vyumba vya tiba vyenye kioo ambapo mwanafunzi humwona mgonjwa bila mgonjwa kumwona, walimu walioviandika wenyewe vile vitabu na wanaokubali kubishiwa. Alinenepa akili, kama alivyomwambia mama kwenye simu. Na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mahali ambapo hakuna aliyemwita mdogo wake fulani.

Shida ilikuwa moja, kwamba kila aliyefika pale ni hodari. Mkuu wa fani yao, bibi mmoja mkavu asiyesifu ovyo, aliwataka kila mmoja amtafute mtu mwenye tatizo la usemi, amfuatilie mpaka karibu na kumaliza chuo. Wenzake walihangaika hospitalini wakibembeleza wagonjwa. Kasuku alikuwa na wa kwake.

Akaja nyumbani likizo na kamera. Cherehani alifunga karakana mapema, akaoga, akavaa shati alilooa nalo. Aliambiwa kwamba walimu wakubwa wataitazama video ile, wapange mazoezi ya kumtibu, na mdogo wake ayalete. Akakaa mbele ya dirisha, mikono magotini, kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Kasuku alimsomesha gazeti, akampigisha simu kwa mtu asiyemjua. Kaka alijikwaa, lakini si sana. Alikuwa na furaha siku ile, na furaha ilimlainisha ulimi. Hilo halikumfaa Kasuku. Alijua pa kubonyeza.

"Hebu nisimulie siku baba alipofariki," alisema. "Ulivyokuja kumwambia mama."

Siku hiyo Cherehani, kijana bado, ndiye aliyetoka hospitali na habari. Alisimama mlangoni mbele ya mama yake na neno halitoki, mpaka mama akamshika mabega akamtikisa, akimpigia kelele aseme. Hawakuwahi kuizungumza tena, si yeye wala mama. Sasa alimtazama mdogo wake, akaitazama kamera, akajaribu. Neno "baba" lilimkwama, likakataa mbele na nyuma. Jicho likafumba, shingo ikatoka mishipa, mguu ukaanza kupiga sakafu. Machozi yalimshuka naye bado yuko kwenye herufi ya kwanza. Kasuku aliisogeza kamera kidogo ili jua lisiharibu picha.

"I-i-imetosha?" kaka aliuliza mwishowe.

"Bado kidogo, kaka. Rudia pale kwa mama."

Akarudia.

Mazoezi hayakuja. Wifi mtu aliuliza kwenye simu mara ya kwanza na ya pili, akaacha. Huko chuoni video ilionyeshwa ukumbini, mbele ya wanafunzi na wageni wa vyuo vingine. Ili kuwaeleza aina za kukwama, Kasuku aliziigiza mwenyewe, jicho, shingo, mguu, sawasawa na yule mtu aliyekuwa ukutani nyuma yake. Mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikaenda safu kwa safu. Kasuku angeweza kukaza uso, yakaishia hapo. Alitabasamu, akaigiza tena kwa nguvu zaidi. Walimpigia makofi. Bibi mkavu alisema hajapata mwanafunzi mwenye sikio kama lile. Somo lote lilikuwa limerekodiwa, na alipoulizwa kama kaka yake ameridhia liwekwe kwenye mtandao wa chuo, Kasuku alijibu ndiyo, huku akikunja nyaya.

Binamu yao mmoja mpenda kuzurura mtandaoni ndiye aliyeikuta, akawatumia ndugu wote. Mama aliitazama mara nyingi, na kila mara aliona kitu kilekile: binti yake amesimama mbele ya ukumbi uliojaa, watu wazima wanampigia makofi. Akawa anawaonyesha majirani. Mmoja wao akamwuliza kama Cherehani mwenyewe haoni vibaya. Wakati huo Cherehani alikuwa ameshafika mlangoni na mfuko wa mboga za mama.

"Aone vibaya kwa lipi?" mama alisema. "Angalau kigugumizi chake kimefaa kitu."

Cherehani aliweka mfuko chini, akanyoosha mkono, akapewa simu, akatazama. Lugha iliyosemwa mle hakuijua. Kicheko alikijua. Alimwona mdogo wake akiuvaa uso wake, akiuvua, akiuvaa tena. Akamrudishia mama simu yake, akaenda kazini. Wiki hiyo vijana waliopita karakana walianza kupiga mguu chini wakifika mlangoni.

Likizo ya mwisho kabla ya kumaliza, Kasuku alirudi kuchukua sehemu ya pili, maana bibi mkavu alitaka kuona mabadiliko. Wifi yake alimfungulia, akampa kiti na maji. Kaka aliingia, akamwinamishia kichwa, akakaa. Kasuku akasalimia, akauliza hali, akaomba radhi kwa maneno laini, yale yale aliyofundishwa kuwaambia wagonjwa. Kaka alimsikiliza mpaka akamaliza. Hakujibu. Kesho yake vilevile, na keshokutwa.

"Wifi," Kasuku alisema wakiwa jikoni, "hali yake imezidi kiasi hiki? Ameacha kusema kabisa?"

Wifi aliendelea kusugua sufuria. "Anasema. Asubuhi kasema na muuza sponji mpaka mimi nikachoka kusikiliza. Na mwanawe wanapiga soga kila siku."

"Kwangu mbona hasemi?"

"Kwako kamaliza."

Mtu mwingine angefunga mizigo. Kasuku alikwenda karakana kaka akiwa hayupo, akawasha simu yake irekodi, akaichomeka katikati ya rundo la sponji, akavuka barabara akakaa na soda. Baadaye alirudi, akajifanya amesahau mkoba, akaichukua.

Chumbani, kwa mama, aliisikiliza. Mwanzo alikuwepo mteja aliyelalamika juu ya ngozi iliyopasuka. Halafu ikaja sauti ya mtoto, binti wa Cherehani, ambaye sasa aliongea bila breki.

"Baba, mbona huongei na shangazi?"

Mkasi ukasikika ukikata, ukasimama.

"Sha-sha-shangazi yako ha-ha-hanisikilizi," alisema Cherehani. "A-a-ananihesabu."

Kasuku alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Katika fani yao ukubwa wa kigugumizi hupimwa kwa kuhesabu mikwamo katika kila silabi mia. Akatafuta kalamu, akaanza.

Chuoni aliicheza rekodi hiyo ukumbini, na kwenye jibu la kaka kwa mtoto bibi mkavu alimsimamisha. Sauti ya mgonjwa imebadilika hapo, alisema, anasema nini? Ukumbini hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua lugha ile.

"Anamweleza mtoto namna ya kukata ngozi," Kasuku alijibu, bila kukwama.

Alimaliza akiwa wa kwanza, akapewa nafasi ya kubaki kuendelea na masomo ya juu. Alipompigia mama, mama alifurahi mpaka sauti ikamkauka, halafu akauliza atarudi lini. Kasuku akamweleza kwamba nyumbani fani hiyo haina kazi, bora abaki kwanza ajijenge. Mama akasema ni sawa, hilo alikuwa ameshalijua. Akauliza amwite kaka yake, yuko uani anamtengenezea mama kiti. Kasuku akasema amwache, asimkatishe kazi.

"Haya," mama alisema, kisha akashusha sauti. "Mtoto wake naye ameanza, unajua. Anataka kusema 'maji', anakwama mpaka machozi yanamtoka. Baba yake akimsikia anatoka nje. Hata sasa katoka kwa hilo hilo. Mwanangu, sijui tufanye nini."

"Ameanza lini?"

"Wiki hizi tu."

Kasuku alikuwa ameshaiweka simu juu ya meza na kuvuta kinasa sauti karibu nayo.

"Mtoto yuko hapo ndani, mama?"

"Yupo, anacheza."

"Basi mwite, umweke karibu na simu. Usimwambie ni mimi. Mwulize tu anataka kunywa nini."

Mama, ambaye alimwamini sana binti yake kwa mambo ya kitaalamu, akamwita mjukuu.